Isomeni mita kabla ya kulala

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza ni badiliko gani moja la nyumbani lililotupunguzia matumizi ya maji na pesa. Kwangu ni kusoma mita usiku.

Ninapanga Walukuba, Jinja, hapa Uganda. Ziwa liko karibu na Mto Naili unaanzia hapa kwetu, lakini maji ya bomba tunayalipia kama watu wa mbali. Uani kwetu tuko familia sita na mita ni moja. Bili ikija, mwenye nyumba huigawa mafungu sita sawasawa, awe mtu ana watoto saba au analala peke yake. Umeme wa yaka, ule unaolipiwa kabla ya kutumika, hukuonyesha kilichobaki. Bili ya maji hukukuta maji yalishakwenda zamani.

Mwaka jana bili ilipanda miezi mitatu mfululizo. Macho yote yakamgeukia jirani yetu anayefua nguo za watu kwa malipo. Nami nilisema, tena mbele ya watoto wake, kwamba anatunyonya. Ninaliandika hili kwa sababu kwenye nyumba nyingi za kupanga yuko mama kama huyo, anayelaumiwa kwa kuwa beseni lake liko nje na kila mtu analiona.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba tupime. Tulijaza ndoo ya chooni mapema ili mtu asivute maji usiku, na saa nne tukafunga mabomba yote na kuandika namba za mita, pamoja na zile nyekundu ambazo watu huziruka. Nyeusi huhesabu uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani jerikeni 50 za lita 20. Nyekundu huonyesha vipande vya uniti, hadi kwenye lita. Saa kumi na moja alfajiri tulirudi na tochi. Lita 140 zilikuwa zimepita. Saa saba, jerikeni saba, na uani kote watu wamelala! Kwa siku ni jerikeni 24. Kwa mwezi wa siku 30 ni 720, zaidi ya uniti 14 tulizokuwa tukizilipa huku tumenuniana.

Maji yalikuwa yanapotelea kwenye tangi la choo. Kile kimpira kinachoziba tundu la chini kilikuwa kimechakaa, na maji yakiteremka bila sauti. Ukitaka kujua kama lako linavuja, mimina tangini chai ya rangi iliyokolea, kisha choo kisitumike nusu saa. Rangi ikionekana chini kabla mtu hajavuta, umeshapata jibu. Fundi alibadilisha kimpira asubuhi hiyo hiyo. Mimi nilikwenda kumwomba jirani radhi mbele ya watoto wale wale, na fungu lake la fundi nikalilipa.

Mengine tuliyoyafanya ni madogo. Maji ya kusuuzia nguo sasa yanakwenda chooni na kwenye kudeki. Ya mvua tunayakinga: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo bati la mita nne kwa tano likipata mvua ya milimita 20 linashusha karibu lita 400. Yale ya mwanzo tunayaacha yapite na vumbi na kinyesi cha ndege, na pipa linafunikwa, maana mbu hawachelewi.

Daftari la mita analiweka yule jirani. Mfereji wa upande mmoja wa paa umeshawekwa. Wa pili tunataka uwe tayari kabla ya mvua za Septemba, na mwenye nyumba amekubali gharama yake ikatwe kwenye kodi.

Msomaji wenu, Jinja