Nesi wa hospisi siku hizi anapiga simu tu

SWALI: Shangazi yangu yuko Kampala, ana kansa, anauguzwa nyumbani. Zamani nesi wa hospisi, ile huduma ya kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, alikua anakuja, sa hivi simu tu. Ndo wamemkatia tamaa?

JIBU: Pole sana mpenzi. Hapana, hawajamwacha. Machi 2020 Uganda ilifunga usafiri sababu ya korona, mabasi yakasimama, magari binafsi nayo, sasa nesi angefikaje na mgonjwa anaisubiri mofini yake ya maji, dawa kali ya maumivu, ndo simu ikashika kasi na sehemu nyingi haijaondoka. Inasaidia, ila kidonda hakionekani kwa simu! Maumivu yakirudi kabla ya dozi inayofuata pigeni simu hapohapo, hata usiku msiongeze dozi wenyewe, na mwambieni nesi wazi kwamba mnataka aje.