Kijiko kikifika mlangoni kwako

Siku kijiko cha mradi wa barabara kilipoanza kuchimba mbele ya duka langu pale Ukonga, Dar es Salaam, nilitoa kopi kumi na moja tu. Kutwa nzima. Na nne kati ya hizo alichukua kijana wa mradini aliyetaka nakala za kitambulisho chake. Nina steshenari ndogo: kuchapa, kopi, laminesheni, picha za pasipoti. Kabla ya hapo, kopi mia mbili nilikuwa naziita siku mbaya.

Barabara yenyewe ni Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, iliyofumuliwa kuanzia 2022 kwa ajili ya njia za mabasi ya mwendokasi awamu ya tatu, kwenda Gongo la Mboto. Sasa kila barabara ikifungwa napigiwa simu: kaka, wewe ulivukaje kipindi kile? Basi niandike mara moja.

Angalia kwanza alama ya X inayochorwa kwenye nyumba. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo maana X nyekundu na X ya kijani si kitu kimoja: nyekundu umo ndani ya hifadhi ya zamani na unaondoka bila kitu, ya kijani umo kwenye mita zilizoongezwa na una haki ya kudai fidia. Mimi ni mpangaji, sikupata yoyote, ila jirani yangu alikaa na X ya kijani miezi kadhaa akiamini ndiyo mwisho wa nyumba yake bila senti, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Nenda serikali ya mtaa ukaulize.

Halafu uliza swali sahihi. Sisi wote tulikuwa tunauliza, "Itaisha lini?" Swali hilo hata injinia hana jibu lake, atakutajia tarehe ili uondoke. Uliza wanaanza upande gani, watafunga kipande cha urefu gani kwa pamoja, na wapita kwa miguu watapitishwa wapi. Haya nilielezwa na fomeni mmoja aliyekuja kuchapa karatasi zake, tena kwa kuchelewa. Ndiye aliyenifundisha kwamba njia za mwendokasi ni za zege, na nguvu ya zege huhesabiwa kwa siku 28. Mimi nilikuwa nakiangalia kile kipande kimetulia, hakuna mtu, namwambia kila mteja kwamba jamaa wamelala. Kumbe zege lilikuwa linakomaa. Na ukiona nguzo za umeme na mabomba ya maji yanahamishwa, hiyo ndiyo kengele yako. Kuchimba bado, lakini kunakuja.

Muda huo ndio wa kuongea na mwenye nyumba. Mimi niliongea kodi ikiwa imeshaiva, tena ya miezi sita. Nilimkuta mzee barazani, nikamsalimu, nikaanza kulia shida. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, vumbi hilo hata mimi nalila." Kikao kikaisha. Niliporudi wiki ya pili nilibeba daftari la mauzo, nikamfungulia ukurasa wa Januari na ukurasa wa mwezi ule. Hakusema neno. Akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akauliza, "Hii kumi na moja ni elfu?" Nikamwambia ni kopi, mzee. Tukaandikiana kulipa mwezi kwa mwezi mbele ya mjumbe. Daftari hilohilo ndilo la kupeleka TRA kuomba makadirio ya kodi ya biashara yaangaliwe upya, usisubiri mpaka deni limelala. Kama hujawahi kuandika mauzo, anza leo jioni.

Vumbi la kifusi ni laini kuliko unga wa sembe. Linaingia kwenye mashine ya kopi, na dramu ikichubuka kila karatasi inatoka na mstari mweusi katikati. Mama mmoja alitoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, mstari ukapita juu ya jina. Nikarudia mara tatu, mstari uleule. Nikamrudishia hela yake. Jioni ile nilihamishia mashine chumba cha nyuma, nikatundika turubai mlangoni, nikawa nalilowesha kila asubuhi. Masika yalipofika vumbi likageuka tope, karatasi zote zikapanda juu ya kichanja.

Lakini kilichoniokoa hasa ni kufuata miguu ya watu. Miaka ile ya kampeni ya Ukimwi tuliambiwa tubaki njia kuu, michepuko si dili. Sasa njia kuu yenyewe imefungwa! Daladala zikahamia kushusha mbele kidogo, watu wakawa wanakatiza uchochoroni nyuma yangu. Mimi nimekaa mlango wa mbele naangalia shimo. Nikampanga mdogo wangu na meza pale uchochoroni, kazi yake kupokea karatasi na kuzileta dukani, namba yangu ya WhatsApp imeandikwa kwa maka kwenye boksi. Mtu anatuma faili akiwa bado kwenye foleni Kipawa, akishuka anakuta limeshachapwa. Nusu ya wateja hao bado wanatuma mpaka leo.

Na mtaro ulipochimbwa mlangoni hatukusubiri daraja la mkandarasi. Mimi na muuza vocha na fundi cherehani tulichanga tukanunua mbao tatu nene, tukazipigilia vipande vya kukanyagia ili wenye viatu virefu wasiteleze.

Mbao hizo bado ziko nyuma ya duka. Mke wangu ameshaomba mara mbili zichanjwe kuni. Nimekataa, maana juzi nimeona vijana wa kofia ngumu wanapima barabara ya mtaani kwetu.