Kabla ya kusema mtoto hatulii, anza na daftari

Mzazi akinijia kuniuliza kama mwanawe ana tatizo la umakini, jambo la kwanza ninalomwomba ni daftari na kalamu. Wengi hushangaa. Walitarajia nitaje ugonjwa, au niwaelekeze mahali pa kupima damu. Lakini hali ambayo madaktari huiita ADHD, yaani umakini hafifu unaoambatana mara nyingi na utukutu uliopita kiasi, haina kipimo cha damu wala picha ya eksirei ya kuithibitisha. Daktari huitambua kwa kuchunguza mtoto na kusikiliza habari zake kutoka kwa watu wanaoishi naye. Habari zikiwa nusunusu, jibu nalo litakuwa hivyo hivyo.

Nafundisha madarasa ya chini hapa Kigoma, shule isiyo mbali na ziwa. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamekuja kwa wingi, na nafurahi wamekuja. Ila katika darasa lililojaa, mtoto anayesimama-simama anaitwa mtundu ndani ya wiki moja, na jina hilo linamfuata mpaka Darasa la Saba. Ndiyo maana nalishikilia sana suala la kuandika: kumbukumbu ya mwalimu aliyechoka, au ya mama aliyeamka alfajiri, hubeba yale mabaya tu.

Vigezo vyenyewe si siri, na mzazi ana haki ya kuvijua. Dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kuonekana kabla ya umri wa miaka 12, na zizidi kile kinachotarajiwa kwa rika lake. Kuna dalili 9 za kukosa umakini, kama kupoteza vifaa, kusahau alichotumwa, kuacha kazi katikati. Kuna nyingine 9 za utukutu na pupa, kama kushindwa kukaa, kudakia maneno, kushindwa kusubiri zamu. Mtoto anatakiwa awe na angalau 6 za upande mmoja. Kisha kuna sharti ambalo wengi hulisahau: zionekane katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamkwamisha kweli. Mtoto anayehangaika kwenye kipindi cha hesabu tu, lakini nyumbani anamaliza kazi zake na madrasa anakariri vizuri, ana tatizo na hesabu, au na mwalimu wa hesabu.

Kwa hiyo madaftari huwa mawili, la nyumbani na la shuleni. Andika tarehe, saa, mtoto alikuwa anafanya nini, nini kilitokea kabla, alilala saa ngapi na alikula nini asubuhi. Usiandike "leo alikuwa mkorofi." Andika "alinakili mistari miwili ubaoni, akaacha, akatazama nje. Nilipomgusa bega akaendelea." Sentensi ya pili daktari anaweza kuifanyia kazi. Andika na siku nzuri pia, maana ndizo zinazofundisha zaidi.

Nieleze kwa nini nasema hivyo. Nilikuwa na mwanafunzi wa Darasa la Tatu aliyesinzia, akisahau, akichokoza wenzake, na akiguswa kidogo analia. Walimu wenzangu walishakubaliana kwamba "kichwani hayuko sawa." Nilikwenda nyumbani kwao. Anayemlea ni bibi yake, Muha wa kweli, tukasalimiana kwa makofi, salamu ya Kiha, mwakeye, ikapokelewa na mwakeye, na baada ya hapo ndipo nikasema, "Bibi, sijaja kumshtaki. Nimekuja tusaidiane." Bibi hajui kuandika, lakini ana mjukuu mwingine aliye sekondari, bibi akawa anasimulia jioni, yule binti anaandika.

Tulipoyaweka madaftari pamoja, siku mbaya zilikuwa zimekaa kundi moja, na siku nzuri kundi lingine. Bibi ndiye aliyeona kabla yangu. "Mwalimu, hizi ni siku za giza." Wakati wa giza mitumbwi ya dagaa huingia ziwani usiku na taa, hurudi alfajiri, na pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, wanawake na watoto huanika dagaa mapema ili jua liwakute. Mwezi ukipevuka, taa hazivuti dagaa kama kawaida, mitumbwi inapumzika, na mtoto naye analala. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Huyu wakati wa giza alikuwa hapati hata karibu ya hapo. ADHD haiondoki na mbalamwezi ikarudi na giza. Tulikubaliana awe anaanika Jumamosi na Jumapili, na siku za shule alale. Hakuna dawa aliyohitaji.

Usingizi ni sababu moja tu kati ya nyingi zinazovaa sura ya ADHD, na baadhi zinatibika kirahisi kiasi kwamba inauma mtoto akichapwa kwa ajili yake. Anza na masikio. Mtoto ambaye sikio limetoa usaha mara kwa mara huenda hasikii vizuri, na asiyesikia huonekana hajali. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, nong'ona maneno anayoyajua, aseme ulichosema. Akikosea-kosea, apelekwe kupimwa. Macho vivyo hivyo. Muulize bibi au mama kama mtoto hukoroma usiku na kuhema kwa mdomo. Minyoo, kichocho, ambacho vijiji vyetu vya ziwani tunakijua, na upungufu wa damu humfanya mtoto awe mlegevu. Na mtoto asiyekula kitu tangu jana jioni, saa nne asubuhi hawezi kuwa na umakini wa kupimwa.

Hapa naomba mzazi asome polepole. Kuna aina ya kifafa isiyomwangusha mtoto. Anakatika ghafla, macho yanaganda au kope zinachezacheza, kwa sekunde chache, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza kumpata mara nyingi kwa siku. Mwalimu huona mtoto anayeota ndoto za mchana. Tofauti ni hii: anayewaza mambo yake ukimwita kwa sauti au kumgusa atageuka, mwenye kifafa hiki hawezi kukuitikia mpaka kipite. Andika hilo kwenye daftari na uliseme mapema kwa daktari, maana kifafa hiki kina dawa. Na kama mtoto tayari anatumia fenobabitali kwa ajili ya kifafa, mwambie daktari pia, kwa sababu dawa hiyo yenyewe inaweza kumfanya mtoto awe mtukutu. Usiikatize mwenyewe, kuikatisha ghafla ni hatari. Vilevile taja kama aliwahi kulazwa kwa malaria kali, hasa iliyompotezea fahamu, kwani inaweza kuacha athari kwenye umakini hata baada ya homa kupona.

Kwa watoto wanaotoka vijiji vya Buhigwe, Kasulu au Kibondo, ambako nyumbani ni Kiha tupu, mpe agizo hilohilo kwa Kiha kabla hujasema hafuati maagizo. Na kwa watoto waliokimbia vita, Burundi au Kongo, kushtuka na kuangalia mlango kila mara kunaweza kuwa hofu ambayo haijaisha. Kwao kiboko kinaongeza tatizo.

Angalia na tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto wadogo zaidi darasani hudhaniwa kuwa na ADHD mara nyingi kuliko wakubwa wao, kwa sababu tu mwalimu anawalinganisha na aliyewatangulia karibu mwaka mzima.

Siwezi kuacha kusema juu ya wasichana. Tunawaleta wavulana wanaoruka madawati. Msichana anayekaa kimya pembeni, mwenye daftari lisilokamilika kila siku, hakuna anayemleta, kwa sababu hasumbui. Anaweza kuwa na hali hiyohiyo upande wa umakini bila utukutu hata kidogo. Mwandikieni na yeye.

Madodoso yapo. Lile la Robert Goodman, daktari Mwingereza wa afya ya akili ya watoto, linaloitwa SDQ, lina maswali 25, matano kati yake yakihusu utulivu na umakini, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Hujazwa na mzazi na mwalimu kila mmoja peke yake, bila kuangaliziana. Ni zuri kwa kuonyesha mwelekeo. Lakini mtu akikupa jibu la ADHD kwa dodoso pekee, ndani ya dakika kumi, bila kuuliza habari za nyumbani, usilipokee.

Ukishakuwa na madaftari ya wiki kadhaa, anza kituo cha afya cha karibu, kisha Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Daktari akiona haja atakuandikia rufaa zaidi, pengine hospitali ya Bugando, Mwanza. Beba madaftari yote mawili, kadi ya kliniki, dawa anazotumia, na madaftari ya darasani ya mwaka huu na mwaka jana. Mwandiko wa mwanzo wa ukurasa na wa mwisho wake una habari nyingi.

Wakati mnasubiri, mwalimu mwenzangu, mkalishe mbele mbali na dirisha, mpe agizo moja kwa wakati mmoja na umwombe alirudie, igawe kazi ndefu vipande, mtume kuleta chaki anapoanza kuchoka, na msifu papo hapo anapomaliza. Hayo hayahitaji cheti cha daktari, na hata kama ikija kuonekana hana ADHD hayatamdhuru. Mzazi, mkitoka hospitali mwombe daktari aandike barua fupi kwa mwalimu: alichokiona, kinachotakiwa kufanyika darasani, na lini mtoto arudi kuangaliwa. Barua hiyo iingie kwenye jalada la mtoto, ili mwalimu wa mwaka unaofuata asianze upya na jina la mtundu.