Paknam 1893: kwa nini mizinga saba haikuzuia manowari mbili?

Swali: Nimesoma kwamba tarehe 13 Julai 1893 manowari mbili ndogo za Ufaransa, Inconstant na Comète, zilipenya Paknam, penye mlango wa mto unaokwenda Bangkok, na kufika mjini humo, ilhali ngome ya Siam (Thailand ya leo) ilikuwa na mizinga saba mikubwa, tena mipya. Mizinga hiyo ilishindwa nini?

Jibu: Ndugu msomaji, mizinga yenyewe haikuwa mibovu. Ngome ya Phra Chulachomklao, kwenye mlango wa mto Chao Phraya, ilikuwa na mizinga saba ya Armstrong (kampuni ya Uingereza) ya inchi 6, na ngome ya kisiwani ya Phi Sua Samut, mbele kidogo ukipanda mto, ilikuwa na mitatu ya aina hiyohiyo. Kombora moja la inchi 6 likiingia kwenye boilari ya meli ndogo kama zile, safari imekwisha.

Tatizo lilianzia kwenye namna mizinga ilivyofungwa. Wathai waliiita simbamarara anayejikunyata. Mzinga hukaa juu ya mikono miwili ya chuma ndani ya shimo. Ukipigwa, nguvu inayourudisha nyuma huubamiza chini na kusukuma maji yanayobana hewa ndani ya silinda. Vali hujifunga na kuushikilia hapo. Wapiga mizinga huupakia wakiwa salama nyuma ya ukuta. Vali ikifunguliwa, hewa iliyobanwa huuinua tena.

Ulinzi huo unalipiwa kwa muda. Mzinga ukiwa chini hauonekani, na wenyewe hauoni. Kila ukipanda, shabaha huanza upya, na chombo hakikusubiri: meli ya mwendo wa noti 10 (maili 10 za bahari kwa saa) husogea karibu mita 300 kwa dakika. Kikosi kilichozoea kinaweza kufidia hilo kwa kukadiria chombo kitakuwa wapi mzinga utakapoinuka. Kikosi cha Siam hakikuwa na mazoea hayo. Mfalme Chulalongkorn alikwenda kuijaribu mizinga Mei 1893, miezi miwili tu kabla ya vita, na maofisa wengi waliokuwa wakiisimamia walikuwa Wadenmaki, huku askari wao wakiwa Wathai, wenye lugha nyingine. Kwa silaha inayodai amri ifuate amri bila kusita, hiyo ni hatari kubwa.

Muda nao uliwapendelea Wafaransa. Mbele ya mlango wa mto kuna fungu la matope, kwa hiyo meli nzito husubiri maji yajae. Siku hiyo yalijaa wakati wa magharibi. Mapigano yalianza kama saa 12:30 jioni, mwanga ukififia, na yakaisha baada ya nusu saa hivi. Kabla ya hapo ngome ilipiga mizinga miwili mitupu ya onyo, kisha kombora lililoanguka majini mbele ya meli ya kwanza. Kisheria onyo lilikuwa sahihi. Kivita, kila onyo lilikuwa mzunguko mzima wa mzinga uliopotea huku meli zikikaribia.

Njia ya meli ilikuwa imezibwa kwa vyombo vilivyozamishwa, ukabaki mwanya mwembamba uliotegwa mabomu ya majini. Bomu la kulipuliwa na mtu aliye ufukweni linataka jambo moja: ajue hasa chombo kiko juu yake. Jioni ile moja lililipuka mapema na halikudhuru kitu.

Hata hivyo ngome haikukosa kabisa. Jean Baptiste Say, meli ya posta iliyotangulia kuonyesha njia, ilipigwa ikapanda mwambao. Wafaransa watatu waliuawa. Lakini manowari zote mbili zilipita, na usiku huohuo zikatia nanga Bangkok, mbele ya ubalozi wao. Kwa mkataba wa tarehe 3 Oktoba 1893 Siam ilipoteza ukingo wa mashariki wa Mekong, yaani sehemu kubwa ya Laos ya leo.

Mizinga saba ingali pale ngomeni. Ukifika, usiishie kutazama mtutu. Inama uchungulie shimoni uone mikono na silinda, kisha simama upime kwa macho upana wa mto.