Mwalimu mwenye muswada wa riwaya: Januari iache ipite

Mwalimu mwenzangu, umeuliza hivi: umepata ajira sekondari ya kata, umepewa Kiswahili na Historia, shule zinafunguliwa Januari na muswada wako wa riwaya umefika katikati. Ufanye nini usife, na usomaji wako nao usife? Waliokujibu kabla yangu wamekwambia "panga muda vizuri." Hao naona hawajawahi kurudi nyumbani na madaftari ya mikondo minne kwenye kiroba.

Piga hesabu. Mkondo mmoja weka wanafunzi 60, na tangu ada ifutwe 2016 darasa la namna hiyo halimshangazi mtu. Mikondo minne ni madaftari 240. Insha moja ukiipa dakika tatu tu, hizo ni dakika 720, saa 12 nzima kwa zoezi moja. Hapo andalio la somo bado, shajara ya somo bado, mahudhurio ya darasa lako bado. Na hata ukiiba saa moja usiku, kichwa kimeshasoma "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kutumia tamathali za semi" mpaka kimekubali. Ukifungua muswada, mhusika wako naye anaanza kuongea hivyo hivyo. Nimeliona hilo kwenye kurasa zangu.

Kwa hiyo jibu langu litawaudhi wengine: Januari na Februari usiandike riwaya kabisa. Miezi hiyo si yako. Kidato cha kwanza wanaripoti kwa mafungu, mwingine anafika wiki ya tatu na kaptula ya shule ya msingi, madawati hayatoshi, ratiba inabandikwa Jumatatu na kubanduliwa Jumatano. Ukijiwekea lengo la kurasa kwa siku utaishia kuuchukia muswada, na muswada ukishachukiwa ni kazi kuurudia.

Miezi hiyo nasoma mashairi. Shairi unalimaliza wakati wa chai, ukilirudia jioni bado lina jambo, na kengele ikilia hujaachwa njia panda sura ya saba. Hadithi fupi zinafuata Machi, tukishatulia. Riwaya nene naziweka likizo ya Juni. Vitabu teule vya kidato cha tatu na nne usivihesabu kama usomaji wako, hata kama unavipenda. Hivyo unavisoma kwa jicho la swali la mtihani. Ukienda mjini mwisho wa mwezi, pita maktaba ya mkoa kabla hujapita sokoni, maana ukishabeba mchele hutaingia tena.

Kuandika ninakokufanya miezi hiyo ni kwa kaunta buku moja ndogo, mistari miwili mitatu: namna mzee fulani alivyoomba mwanawe aruhusiwe kuvaa ndala, harufu ya chaki ikilowa. Ila tahadhari. Siri ambayo mwanafunzi amekupa kama mwalimu wa malezi isiingie humo, hata ukibadilisha jina. Kijiji ni kidogo, kila mtu atajua.

Ukitaka Machi iwe na nafasi, kazi inaanza Desemba. Azimio la kazi, yaani mpango wa mada utakazofundisha, liandike likizo, la mwaka mzima, ulimalize. Halafu mfuate mwalimu wa taaluma kabla hajachora ratiba, umwombe vipindi vya mfululizo vya asubuhi na alasiri moja tupu kwa wiki. Ratiba ikishabandikwa, unaomba fadhila.

Kwenye kusahihisha, acha kusahihisha kila kitu. Wiki hii waambie unaangalia utangulizi tu, wiki ijayo viunganishi tu. Maswali mafupi wabadilishane madaftari, mjibu pamoja ubaoni, wewe upitie sampuli kila safu. Wanafunzi wanajifunza zaidi kuliko kurudishiwa insha nyekundu baada ya wiki tatu. Wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wakija watataka kuona kazi imepitiwa, na itakuwa imepitiwa. Weka tarehe na sahihi.

Muda wangu wa kuandika ni saa kumi na moja alfajiri, kabla sijaongea na mtu. Jioni nimejaribu, haifai, labda kwa mwenye mikondo miwili. Wiki ya zamu siandiki kitu: saa kumi na mbili na nusu uko uwanjani unasimamia usafi na namba, jioni bado unaandika ripoti ya zamu. Naihesabu kama wiki ya ugonjwa na simlaumu mtu. Kuna watakaokukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri ya Shakespeare 1963 akiwa Rais. Ni kweli, na ni heshima kubwa, lakini Ikulu hakuna zamu ya vyoo.

Juni ndiyo ya kuilinda kwa meno. Utaombwa kukaa kambi ya masomo ya kidato cha nne, na posho ipo. Chukua wiki moja ukihitaji hela, zilizobaki ni za riwaya. Kama unawaza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), tuzo za kwanza zilitolewa 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Majaji wanahitaji miezi ya kusoma kabla ya hapo, hivyo muswada lazima uwe umekamilika mwaka uliotangulia. Rasimu Juni, kuipitia Septemba. Novemba ni mtihani wa taifa wa NECTA, usitegemee kitu.

Ukauliza kama umwambie mkuu wa shule kwamba unaandika. Mimi nisingesema. Wakijua, risala ya mgeni rasmi ni yako, ngonjera ya siku ya mazingira ni yako, hotuba ya harusi ya mhasibu ni yako. Ya mahafali utapewa tu kwa kuwa unafundisha Kiswahili. Hiyo ipokee, ni ukurasa mmoja na nusu, na ya mwaka jana iko kwenye faili la ofisi.