Umeandika bei ya Sangara lakini Java inakuletea ya Samaki

Mdogo wangu, hiyo programu yako ya lugha ya Java, ya mahesabu ya samaki wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, haina uchawi. Unauliza mbona klasi (kiolezo cha kitu) Sangara umeiwekea bei yake lakini ukiita s.bei(5), yaani bei ya kilo 5 za s ambaye ni Sangara, inakuja ya klasi mama anayorithi, Samaki. Angalia ulivyoandika, kwa mama ni bei(int kilo), yaani namba nzima, kwa mtoto umeweka bei(double kilo), yaani namba yenye desimali, sasa Java inaona hizo ni methodi (kazi zilizo ndani ya klasi) mbili tofauti zilizogongana jina tu, ya mama haijaguswa, inarithiwa vile vile, na 5 yako ni int kwahiyo inaenda huko huko.

Ili mtoto afunike methodi ya mama, yaani yake itumike badala ya ile, jina na aina za parameta (vile vya kwenye mabano) lazima zifanane. Na nakusihi sana weka alama ya @Override juu ya kila methodi unayoifunika, ipo tangu Java 5 ya mwaka 2004, kompaila (inayokagua na kutafsiri ulichoandika) ingekugomea palepale kabla mtu hajalipwa pungufu, na hela ya wavuvi si ya kuchezea kabisa.

Kama Sangara ni bei ile ile ukaongeza ushuru, usikopi hesabu yote, andika return super.bei(kilo) + ushuru basi, hiyo super ni klasi mama. Ila methodi ya mama ikiwa na neno final kompaila inakataa isifunikwe, ikiwa private (ya mama peke yake) mtoto haioni.

Kwa kuwa sangara anapimwa hata kwa nusu kilo, mi ningebadilisha ya mama iwe double, hiyo 5 itapita tu bila shida.