Daraja la kwanza, lakini la ndege gani?

Maswali tuliyopokea mara hii karibu yote yamelalia upande mmoja: wasomaji wanalinganisha mashirika, kumbe cha kulinganisha ni ndege. Shirika moja linaweza kuwa na daraja la kwanza la aina tatu tofauti, na bei ya tiketi isikuonyeshe utapangiwa lipi. Tuanze na swali lenye mambo mengi.

Nasafiri Dar–Dubai–London na Emirates, daraja la kwanza mwanzo hadi mwisho. Nimeambiwa nitaoga humo humo ndegeni. Ni kweli? Na siti ni zile zile vipande vyote viwili? (Msomaji, Mbezi Beach)

Utaoga, ila si kutokea Dar. Bafu lipo kwenye A380 peke yake, ile ndege ya ghorofa mbili, na Dar kama ilivyo Nairobi, Emirates huleta Boeing 777. Kwa hiyo kuoga kwako kunaanzia Dubai, tena kama kipande cha London umekikata kwenye A380. Zipo safari za London zinazokwenda na 777 vilevile, na aliyekata hizo anatua na jasho lake la Dar.

Siti nazo si zile zile. Njia ya haraka ya kujua utakalia nini ni kuhesabu. Fungua tiketi yako mtandaoni, ingia palipoandikwa kuchagua siti, kisha hesabu siti za chumba cha mbele kabisa. Ukipata 14, hiyo ni A380. Ukipata 8, ni 777 ya mtindo wa zamani, siti nne kila mstari kwa mpangilio wa 1-2-1 (kistari ni njia ya kupita). Ukipata 6, una bahati: ni 777 yenye vyumba vilivyozinduliwa Novemba 2017, vitatu kila mstari, yaani 1-1-1. Usipoona daraja hilo kabisa, ndege iliyopangwa haina daraja la kwanza, na hapo piga simu siku hiyo hiyo, usingoje uwanja wa ndege.

Tofauti ya 8 na 6 si ya kupuuza. Kwenye ile ya zamani mlango unateleza na kufunga, lakini kuta zinaishia usawa wa kifua. Mtu akisimama anakuona ulivyolala. Kwenye ile mpya kuta zinagusa dari, nafasi ni kama mita za mraba 3.7 za mtu mmoja, na kuna kijidirisha cha upande wa njia ambacho mhudumu anapitishia kinywaji bila kufungua mlango. Wanaokaa katikati wamewekewa madirisha ya bandia: skrini zinazoonyesha picha za kamera zilizo nje ya ndege. Wengine wanazipenda. Anayebanwa pumzi akifungiwa achukue ya dirishani.

Sasa bafu lenyewe. Yapo mawili, mbele kabisa ghorofani. Mwambie mhudumu saa unayoitaka mara tu unapokaa, kwa sababu saa za kukaribia kutua ndizo zinazogombewa. Utapewa muda wa kutosha chumbani, lakini maji ya moto ni dakika tano tu, na saa inahesabu maji yanapotiririka. Kosa la wengi ni kufungulia, kisha kusimama pembeni wakisubiri joto liwe sawa. Dakika moja imekwenda. Weka joto kwanza kwa mkono, lowa, funga, jipake sabuni, ndipo ufungulie tena. Kuna taa zinazokuonyesha kilichobaki. Na ndege ikianza kutikisika utaambiwa utoke ukakae, povu au hakuna povu.

Ukichagua siti ya A380, mstari wa kwanza uko karibu na mabafu na ngazi. Kwa safari ya usiku rudi nyuma mstari mmoja au miwili.

Tovuti zinaandika inchi tupu, mara upana, mara nafasi, mara kitanda. Nisome kipi? (Msomaji, Kisumu)

Zidisha kila inchi kwa 2.54 upate sentimita, halafu usome kwa mpangilio huu.

Kwanza idadi ya siti kwa mstari. Mwili wa 777 ni ule ule kwa kila shirika, hivyo anayeweka watu watatu kwa mstari amempa kila mmoja nafasi kubwa kuliko anayeweka wanne. Hakuna ujanja wa kuficha hesabu hiyo.

Pili upana wa siti, ila uliza umepimwa vipi. Mashirika mengi hupima egemeo la mkono likiwa limeshushwa hadi chini, jambo linaloongeza sentimita kadhaa ambazo hutakuwa nazo wakati wa kula. Singapore Airlines kwenye 777-300ER ina siti nne tu za daraja la kwanza, kila moja upana wa inchi 35, karibu sentimita 89. Kwa upana huo hata egemeo halina neno.

Tatu urefu wa kitanda, na hapa ndipo watu wengi hupigwa. Kitanda cha daraja la biashara kinaweza kuandikwa mita mbili, lakini sehemu ya mwisho ikawa ni shimo lililo chini ya meza ya siti ya mbele, na miguu yote miwili inaingia humo. Ukilala chali, sawa. Ukijaribu kulala ubavu na kukunja magoti, magoti yanagonga ukingo. Kwenye daraja la kwanza lililotengenezwa vizuri hakuna shimo. Kitanda kina upana mmoja kichwani hadi miguuni. Tazama picha ya siti ikiwa imelazwa, ipigwe kutoka juu. Shirika lisiloonyesha picha hiyo mara nyingi lina sababu.

Ile namba ya nafasi kati ya siti na siti iacheni kwa daraja la kawaida. Siti ikishakuwa kitanda, namba hiyo haikwambii kitu.

Nina urefu wa sentimita 198. Nataka kulala nimenyooka. Nichukue chumba kikubwa kuliko vyote? (Msomaji, Arusha)

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Vyumba vya Singapore Airlines kwenye A380, vilivyoanza Desemba 2017, ni sita tu kwa ndege nzima, kila kimoja kama mita za mraba 4.6, kiti cha kuzunguka upande huu na kitanda chake upande ule. Lakini kitanda hicho ni inchi 76, yaani sentimita 193. Utalala umekunja. Panda 777 ya shirika hilo hilo, yenye nafasi ndogo zaidi, ukute kitanda cha inchi 82, sentimita 208. Hapo unanyooka na mto unabaki na pake.

Etihad kwenye A380 ina vyumba tisa vya daraja la kwanza, kitanda karibu sentimita 204, nacho kimetengana na kiti, kwa hiyo huhitaji kusimama ili utandikiwe. Air France kwenye chumba chake cha 2025 inatoa mita mbili kamili. Kwako ni sentimita mbili tu za ziada, na mto unakula zaidi ya hapo.

Mimi na mume wangu tunakwenda fungate. Wapi tutalala kitanda kimoja? (Bibi harusi, Unguja)

Hongereni. Usitegemee "siti mbili za katikati" peke yake. Kwenye 777 za zamani na A380 za Emirates, kiambaza cha katikati kinashuka mkashikana mikono na kuongea, lakini vitanda vinabaki viwili na meza katikati. Kwenye zile mpya za 1-1-1 hata hicho hakipo, kila mtu na kuta zake.

Kitanda kimoja cha kweli kipo Singapore Airlines A380: chumba cha 1 na cha 2 vya upande mmoja hufunguliwa vikawa kimoja. Mstari wa 3 hauunganishwi, basi usikubali kupangiwa huko. Lufthansa katika A350 zake mpya, tangu Novemba 2024, ina vyumba vitatu tu, na kile cha katikati ni cha watu wawili. Ukiwa na mfuko wa kawaida zaidi, Qatar Airways inauza Qsuite, ambayo ni daraja la biashara. Baadhi ya siti zake za katikati hushikana zikawa kitanda cha wawili. Baadhi tu, si zote. Chagueni siti siku ya kununua, maana hizo ndizo za kwanza kuisha.

Etihad nayo ina The Residence kwenye A380: sebule, chumba cha kulala na bafu la peke yenu, jumla kama mita za mraba 11.6. Kuna vyumba vya kupanga mjini visivyofika hapo.

Kwa nini Kenya Airways na Air Tanzania hazina daraja la kwanza? (Msomaji, Mombasa)

Hesabu ya sakafu. Boeing 787-8 ya Kenya Airways ina siti 30 za biashara na 204 za kawaida. Ya Air Tanzania ina 22 na 240. Kichumba kimoja cha mita nne za mraba kinameza nafasi ya abiria kadhaa wa nyuma, kila siku, kijae kisijae. KLM, Ethiopian na Turkish nazo hazina, na hakuna anayezisema vibaya.

Basi daraja la biashara jipya linaweza kushinda la kwanza la zamani? (Msomaji, Kigali)

Kwa faragha, ndiyo, bila kupepesa macho. Qsuite imekuwa na mlango tangu 2017, na British Airways ikaweka mlango kwenye biashara yake mpya 2019, wakati Air France mpaka leo daraja la kwanza lake linafungwa kwa mapazia. Kwa nafasi ya kujigeuza na huduma, la kwanza bado liko mbele.

Lakini jihadhari na neno "jipya". Ndani ya shirika moja biashara hutofautiana kama usiku na mchana. Emirates bado ina 777 zenye biashara ya 2-3-2. Mtu wa katikati anamruka jirani kwenda chooni. Qatar nayo ina ndege zisizo na Qsuite. Oman Air iliacha jina la daraja la kwanza, na siti zile zile za kwenye 787-9 sasa zinauzwa kama Business Studio. Ndege zake nyembamba hazina siti hizo, kwa hiyo tazama kila kipande peke yake.

Mama yangu ana miaka 71, akishuka ndege anaumwa kichwa na koo limekauka. Daraja la kwanza litamsaidia? (Msomaji, Nakuru)

Shikamoo yetu mfikishie mama. Kulala kutamsaidia, lakini hewa ya mbele na ya nyuma ni moja. Kinachobadilisha hewa ni aina ya ndege. Kwenye 787 na A350 hewa ya ndani hushindiliwa isiwe nyepesi kuliko ile ya kimo cha futi 6,000, kama mita 1,800, ambacho ndicho kimo cha Nairobi. Ndege za vizazi vya nyuma, 777 ikiwemo, zinaruhusiwa kufika futi 8,000, mita 2,400, juu kidogo ya Nyahururu. Kwa mtu wa umri wake, biashara ya 787 inaweza kumshusha akiwa mzima kuliko daraja la kwanza la 777. Msimbo wa ndege huandikwa kwenye ratiba: 788 na 789 ni 787, 359 na 351 ni A350, 77W ni 777-300ER, 388 ni A380. Kama ana ugonjwa wa moyo au mapafu, aanze kwa daktari wake.

Nilinunua la kwanza, uwanjani wakanipa biashara kwa sababu ndege imebadilishwa. Nadai nini? (Msomaji, Goba)

Inategemea safari ilianzia wapi na shirika ni la nani. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inakulinda ukiondoka nchi ya Umoja huo kwa shirika lolote, au ukienda huko kwa shirika la huko. Nairobi–Paris kwa Air France imo. Dar–Dubai kwa Emirates haimo. Paris–Dubai kwa Emirates imo. Ukishushwa daraja, ndani ya siku saba urudishiwe asilimia 30 ya bei ya kipande hicho kama hakizidi kilomita 1,500, asilimia 75 kama kinazidi 3,500, na 50 kwa vya kati. Ni ya kipande, si ya tiketi nzima. Uingereza ina kanuni zinazofanana kwa wanaoondokea huko.

Nje ya hapo utabaki na masharti ya tiketi, yaani tofauti ya bei. Shirika linaweza kupiga hesabu kwa bei ya biashara ya siku ya safari, ambayo dakika za mwisho huwa imepaa, ukaambiwa tofauti ni kidogo mno au haipo. Dawa yake ni ya mapema: siku unayonunua, piga picha ya skrini inayoonyesha bei za madaraja yote mawili kwa ndege hiyo hiyo. Uwanjani omba karatasi au ujumbe unaosema umeshushwa daraja na sababu yake, na utunze kipande cha pasi ya kupandia chenye namba ya siti uliyokalia.